Mwalimu wa Wete anataka kuandikia mahoteli: aliyoambiwa na yalivyo

Suali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, naishi Wete, Pemba. Nataka kuanza kuandikia biashara kwa kujitegemea, hasa mahoteli: maelezo ya tovuti, matangazo, meseji za wateja. Kaka yangu ananambia lazima kwanza niwe na shahada ya masoko, Kiingereza kisicho na doa, kampuni iliyosajiliwa na wafuasi wengi Instagram. Rafiki yangu anasema nisijisumbue, akili mnemba imeshaimaliza kazi hiyo. Mwengine kasema niingie Upwork tu, soko la kazi za mtandaoni, nitalipwa dola nikiwa nyumbani. Nani mkweli? Na nitoze kiasi gani?

Jibu: Waalaykumu salaam, mwalimu. Wote watatu wana kipande cha ukweli, lakini wamekujibu kabla ya kujiuliza mwenye hoteli anatoa pesa yake kwa ajili ya nini. Tuanzie hapo. Shahada na dola zitafuata.

Kabla hatujafika, jambo dogo la jina. Ukimwambia meneja "nafanya kopiraiti", kuna hatari akaelewa hakimiliki na kukuelekeza COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Kwa Kiingereza maneno mawili, copywriting (kuandikia biashara) na copyright (hakimiliki), yanakaribiana matamshi, na kwetu yamechanganyika kabisa. Sema "naandika maelezo na matangazo ya biashara". Inaeleweka mara moja.

Sasa mteja. Chukua nyumba ya wageni yenye vyumba vinane Jambiani. Kijana wa mapokezi anashinda na simu akijibu yale yale: kutoka uwanja wa ndege ni muda gani, chai ya asubuhi imo kwenye bei, mnapokea kadi, kuna kiyoyozi, naweza kuogelea saa zote? Anayejibiwa baada ya saa tano keshalipia kwengine. Mwenye nyumba akikulipa, anataka maulizo hayo yapungue na waliokuwa wakisitasita walipie chumba. Uzuri wa lugha yako haumshughulishi sana. Kwa hiyo nusu ya kazi yako inafanyika kabla hujaandika hata mstari. Kaa mapokezi saa moja. Omba kuziona meseji mia za mwisho za wageni, bila majina wala namba. Piga tarakimu kila suali limerudi mara ngapi. Yale saba au manane yaliyorudi zaidi ndiyo yatakayokuwa mifupa ya ukurasa wako, na mpangilio wake ni ule ule wa wingi wa maulizo.

Mfano mmoja wa kitu kinachosahauliwa: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa nje anayeingia Zanzibar lazima awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Bima aliyokata kwao haimtoshelezi. Mgeni anayeligundua hilo akiwa kwenye foleni uwanjani anafika hotelini keshanuna. Mistari miwili kwenye ukurasa wa "kabla hujasafiri" ingelimaliza, na ukurasa huo mahoteli mengi madogo hayanao. Kuuona upungufu kama huo hakuhitaji shahada ya masoko. Kunahitaji mtu aliyezoea kumfafanulia asiyejua, naye hajui kwamba hajui. Mwalimu wa darasa la tatu yuko mbele ya wengi hapo.

Dhana potofu inayofuata ndiyo inayoharibu kazi nyingi zaidi, nayo ni kwamba kuandikia biashara ni kusifia. Ndiyo maana kila hoteli ni pepo na kila ufukwe hauna mfano duniani. Tazama pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na kwa kuwa ufukwe wenyewe ni tambarare, bahari hukimbia mamia ya mita. Mgeni aliyeuziwa picha ya maji ya samawati mlangoni anaamka anakuta mchanga, mwani na mitumbwi iliyolala ubavu. Anaandika maoni mabaya, na maoni hayo yanaifukuza biashara kuliko tangazo lilivyoileta. Mwandishi mchanga huificha habari hii kwa kumuogopa meneja. Mzoefu huiweka juu kabisa, kwa namna hii:

"Bahari ya Jambiani huondoka na kurudi mara mbili kwa siku. Ikijaa, unaogelea mbele ya chumba chako. Ikipwa, vaa viatu ufuatane na mwenyeji wetu mpaka kwenye mashamba ya mwani, urudi kabla maji hayajarudi. Saa za maji tunazibandika mapokezi kila asubuhi, kwa sababu kila siku zinasogea mbele kiasi cha dakika 50."

Anayetaka kuogelea saa zote atakwenda Kendwa au Nungwi, ambako maji hayaendi mbali hivyo, na ni heri aende kabla hajalipa. Aliyebaki anajua anakuja kuona nini. Meneja akipinga, na wengi hupinga mwanzoni, mwoneshe maoni ya wageni wake mwenyewe yenye malalamiko ya maji. Yapo, yahesabu mbele yake.

Kutokana na hilo, kila sentensi uliyoandika ijaribu hivi: ondoa jina la mahali, weka Lamu, kisha weka Maldives. Ikibaki kweli kote, ifute. "Furahia mandhari ya kuvutia na ukarimu wa wenyeji" inakaa popote. "Jahazi la jioni linaondoka saa kumi na moja, na ukirudi pweza wa nazi yuko mezani" haihami kirahisi.

Hapa ndipo jibu la rafiki yako kuhusu akili mnemba lilipo. Mashine inaandika sentensi zinazokaa popote, bure, kwa sekunde tano, na Kiingereza chake kina sarufi nzuri. Kama ulikuwa na nia ya kuuza sentensi hizo, rafiki yako yuko sahihi, soko hilo limekwisha. Lakini mashine haijakaa mapokezi. Haijui kwamba daladala inamwacha mgeni kwenye njia kuu na mpaka hotelini kuna mwendo wa dakika kumi kwenye mchanga, na begi la magurudumu haliburutiki hapo. Mtumie kama karani: akupangie, akuhakikie tahajia, akupe vichwa vya habari ishirini uchague kimoja. Usimwachie ukweli. Masafa, bei na nyakati zihakiki wewe, kwa simu au kwa miguu, kwa sababu akikosa huandika kosa kwa uhakika ule ule anaoandikia jambo la kweli.

Kiingereza kisicho na doa nacho kinatisha watu bure. Wageni wengi wa Zanzibar wanatoka Italia, Ujerumani, Ufaransa na Poland, na Kiingereza kwao ni lugha ya kujifunza kama ilivyo kwako. Sentensi fupi na maneno ya kila siku vinawafaa kuliko mbwembwe. Pamoja na hayo, kosa la sarufi kwenye tovuti linamfanya msomaji akitilie shaka hata choo chako. Tafuta mtu mmoja anayekijua vizuri, mlipe sehemu ya ada akusomee kila kazi kabla haijatoka, na gharama hiyo iingize kwenye bei tangu mwanzo.

Kosa jengine ni kuiona kazi ya Kiswahili kama ya daraja la pili. Maduka, mabenki, skuli binafsi, hospitali, taasisi za maendeleo, wote wanaandika kwa Kiswahili, na mwingi ni Kiswahili kilichotafsiriwa vibaya. Hapa una faida, ila usidhani kuzaliwa Pemba kunatosha. Lahaja ya nyumbani ni tamu kwenye tangazo la redio, lakini kwenye ilani ya benki inayosomwa mpaka Mbeya andika Kiswahili sanifu, na kamusi iwe karibu.

Kuna ufundi mmoja wa meseji za matangazo ambao wateja hawaujui, nao utakupa heshima. Meseji moja ya simu inabeba herufi 160, nafasi na vituo vikihesabiwa. Ukiweka alama moja ya uso unaocheka, au alama ya ritifaa (’) iliyopinda, kikomo kinashuka mpaka 70. Sasa angalia neno "ng'ombe". Kibodi nyingi za simu na programu za kuandikia huweka ritifaa iliyopinda zenyewe. Duka la nyama likituma tangazo la herufi 120 kwa wateja 2,000 na ndani mna ritifaa hiyo, kila meseji inakatwa vipande viwili, na mwenye duka anatozwa meseji 4,000. Badilisha iwe ritifaa iliyonyooka ('), gharama inarudi nusu. Ukimwonesha hilo siku ya kwanza hatakuuliza shahada.

Tuje kwenye bei, ulipoulizia mwenyewe. Wanaoanza hutoza kwa neno, kwa sababu wamesoma kwamba ng'ambo ndivyo wanavyofanya. Kwa Kiswahili ni hasara ya wazi. "Tutakuchukua bandarini" ni maneno mawili. Sentensi hiyo kwa Kiingereza hufika maneno manane. Kitenzi chetu kimebeba mtendaji, wakati na mtendwa kwa pamoja, halafu unalipwa kama neno moja. Ukilazimika kutoza kwa neno katika kazi ya kutafsiri kuja Kiswahili, hesabu maneno ya matini ya Kiingereza. Kwengine toza kwa kazi nzima.

Bei ya kazi nzima unaipata kwa hesabu, usiibuni. Tuseme unataka kubakiwa na shilingi 600,000 kwa mwezi. Ongeza 120,000 za bando, umeme, nauli na msomaji wako wa Kiingereza, na 80,000 za kuweka kando kwa kodi na miezi mikavu. Jumla 800,000. Siku 22 kwa saa 6 ni saa 132, lakini saa unazolipwa hazizidi nusu. Nusu ya pili inakwenda kwenye kutafuta wateja, kusubiri na kufuatilia malipo. Zimebaki 66. Gawa: saa moja ni kama shilingi 12,000. Sasa ukurasa mmoja wa hoteli: saa 2 za mahojiano, 2 za kupitia meseji na maoni ya wageni, 3 za kuandika, 2 za marekebisho. Saa 9, yaani 108,000. Kwa kuwa bado unafundisha na unafanya jioni tu, badilisha tarakimu, njia ibaki ile ile. Anayeanza husahau ile nusu isiyolipwa, anatoza 40,000, na baada ya miezi minne anasema kazi hii haina pesa.

Kinachovunja bei hii huku kwetu kuliko ushindani wowote ni muhali. Pemba nani si jamaa? Mjomba ana gesti, shemeji anauza asali, na kila mmoja anataka "kidogo tu, mistari miwili". Usikatae kwa maneno. Peleka karatasi. Ukurasa mmoja kabla ya kazi yoyote, kwa jamaa na kwa mgeni sawasawa: utaandika nini na kurasa ngapi, siku ya kukabidhi, arubuni nusu ya malipo kabla hujaanza, marekebisho mara mbili na ya tatu yanalipiwa, na jina la mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho. Jamaa ukitaka kumpunguzia, andika bei kamili kisha upunguze chini yake, aione. Mali bila daftari huisha bila habari, na udugu nao ni hivyo hivyo.

Hiyo ya mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho usiidharau. Mahoteli mengi hapa meneja yuko Unguja na mwenye mali yuko Ulaya. Meneja anakueleza, unaandika, anapenda, kisha mwenye mali anaamka upande wa pili na kutaka vyengine kabisa. Kama karatasi haikumtaja, unaandika mara mbili kwa bei moja.

Malipo yenyewe yana mitego mitatu. Kwa mteja wa hapa, andika ankara kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni za Benki Kuu ya Tanzania zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani, hata kama hoteli inapokea wageni wa dola. Pili, mteja ambaye ni kampuni atakata kodi ya zuio, asilimia 5 ya ada ya huduma. Ankara ya 300,000 inakuja 285,000. Si wizi. Dai hati ya zuio, kwa sababu 15,000 ile inahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato kule TRA. Tatu, mteja wa nje akikutumia kwa benki, muulize nani anabeba gharama. Akichagua OUR anabeba yeye zote. Akichagua SHA mnagawana, na benki ya katikati inaweza kumega chake njiani, ukapokea pungufu ya ankara. Na kabla hujakubali PayPal, hakikisha akaunti yako inaweza kupokea, maana kutuma ni jambo jengine.

Upwork na Fiverr ni masoko ya kweli, lakini si pa kuanzia. Fiverr wanachukua asilimia 20: kazi ya dola 50 inakuachia 40, bado gharama za kuzitoa. Upwork unalipia hata nafasi za kuomba kazi. Na unasimama kwenye foleni na watu wa dunia nzima wanaoandika Kiingereza cha jumla, mahali ambapo lile unalolijua wewe peke yako, bamvua na njia ya kutoka bandari ya Mkoani, halina mnunuzi. Rudi huko ukiwa na kazi sita za kuonesha.

Usajili: kampuni ya hisa huhitaji. Jina la biashara linasajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA bila malipo, na leseni ulizia Baraza la Mji la Wete. Namba ya mlipakodi iwahi, mhasibu wa hoteli hatalipa ankara isiyo nayo. Wafuasi wa Instagram hawana uzito, maana meneja anayetafuta mwandishi haangalii idadi yao. Anataka mifano mitatu anayoweza kuisoma kwenye simu akiwa amesimama. Na mifano haihitaji kufanya kazi za bure mwaka mzima. Chukua matangazo matatu halisi uliyoyaona, futa majina, weka yalivyo upande mmoja na ulivyoyaandika upya upande wa pili, chini yake sentensi mbili kueleza kwa nini umebadilisha. Simu inatosha kwa haya yote, kompyuta itakuja.

Wakati pia una lake. Julai, Agosti na mwisho wa Disemba usimpigie meneja wa hoteli, hana nafasi ya kunywa maji. Masika ndiyo saa yako: Aprili na Mei baadhi ya mahoteli yanafunga kwa matengenezo, mengine yanabaki na vyumba vitupu, na wote wanataka tovuti iwe tayari kabla ya Juni. Orodhesha biashara thelathini kuanzia mwezi wa Februari, andikia tano kwa wiki, na usimwandikie yeyote kabla hujapata kosa moja halisi kwenye maandishi yake. Meseji iwe kama hivi:

"Assalaam alaykum. Mimi ni mwandishi wa maelezo ya biashara, nipo Wete. Kwenye ukurasa wenu wageni watatu wameuliza namna ya kufika kwenu kutoka bandari ya Mkoani na hawajajibiwa. Nimewaandikia jibu la mistari minne, hili hapa chini, litumieni bila malipo. Mkihitaji ukurasa mzima wa maswali ya wageni, ninaweza kuja kukaa nanyi saa moja na kuwapa bei siku hiyo hiyo."

Subiri siku saba, kumbusha mara moja. Akinyamaza tena, mfute kwenye orodha na umwandikie anayefuata.